Kila Gari Kazi Moja: Mwongozo wa Wikendi ya Kutengeneza Land Rover na Land Cruiser za Zamani

Mara ya kwanza tulipokutana yalikuja magari saba: Land Rover nne, Land Cruiser mbili za mfululizo wa 40, na Range Rover moja ya milango miwili ambayo mwenyewe alituapia kwamba ina shida ya "plagi tu". Ijumaa jioni kila mtu anacheka. Jumapili jioni magari matatu yaliondoka yakivutwa kwa kamba, na la nne likalala uani kwangu hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala, wiki saba, kuku wakitagia chini ya bonneti.

Mafundi tulikuwa nao, tena wazuri. Kilichotuponza ni kwamba kila aliyefungua kitu aliona kingine. Aliyekuja kubadilisha breki shuu aliona sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja, akafungua habu, yaani kitovu cha gurudumu. Habu ikamwonyesha beringi iliyoliwa. Kutafuta beringi kukampeleka Kampala Jumamosi mchana, na aliporudi nati zake zilikuwa zimechanganyika na za jirani. Tangu hapo tuna sheria moja ambayo haijadiliwi: kila gari kazi moja, na iwe kazi inayofungika kabla ya Jumapili saa sita mchana. Ukiona ubovu mwingine, unauandika. Huugusi.

Wiki mbili kabla

Mwulize kila anayetaka kuja mambo matatu: gari gani na la mwaka gani, kazi gani moja, na spea zipi ziko mkononi. Nasema mkononi. "Nimeagiza Nairobi, itafika Ijumaa" maana yake ni hapana, na mtu huyo aje kusaidia wengine. Magari matano hadi manane yanatosha, ilimradi kuna watu watatu wanaojua kazi kweli. Yakizidi hapo mnafanya sherehe, na sherehe ina mwongozo wake.

Habari ya spea ianze mapema kwa sababu ya sheria. Tangu 2018 Uganda imekataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Land Rover za Series, zile zilizotangulia Defender, ziliishia na Series III, na za mwisho zilitoka kiwandani 1985, kwa hiyo huwezi kuleta nyingine nzima kutoka nje ili uichinje kwa ajili ya spea. Tulizo nazo ndizo hizo. Usitupe flanji, usitupe ngoma ya breki, usimpe muuza vyuma chakavu hafu shafti (fimbo inayozungusha gurudumu) nzima hata kama leo huna kazi nayo.

Ukienda Kisekka au Ndeeba, kwenye spea za Kampala, nenda na kile kibovu ndani ya mfuko. Beringi ina namba iliyochongwa kwenye ukingo wake. Taja namba, usitaje gari. Muuzaji akisikia "Land Rover ya zamani" bei inapanda, halafu anakuletea ya Defender. Hafu shafti nazo hesabu meno kabla ya kulipa: za Series zenye difu (gia ya katikati ya ekseli) ya kawaida zina meno 10 upande wa difu, za baadaye zina 24, na kwa macho ya haraka zote ni fimbo ya chuma tu. Kazi ya kuchonga, kunyoosha au kuchomelea peleka kwa mafundi wa Katwe, Kampala, lakini ifanyike kabla ya wikendi.

Mwambie kila mtu pia aje na spana zinazofaa gari lake. Land Cruiser ni milimita: 10, 12, 14, 17, 19. Series ni inchi, na zile za zamani zaidi zimechanganya nyuzi za aina mbili tatu kwenye gari moja. Spana ya 13 itakaa kwenye nati ya nusu inchi kama vile wamezaliwa pamoja, kumbe kuna nafasi ya milimita 0.3, na nati ikiwa na kutu nafasi hiyo inatosha kulamba kona zote sita. Spana ya boksi ya nati za habu ni ya lazima: 52 kwa Land Rover, 54 kwa Land Cruiser. Asiye nayo atatumia tindo na nyundo, na utaijua nati aliyoigusa yeye hata baada ya miaka kumi.

Uwanja

Epuka Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Murram iliyoshindiliwa ni nzuri kama saruji hadi mvua inyeshe, kisha jeki inazama taratibu na wewe uko mvunguni. Hata wakati wa kiangazi weka ubao mnene chini ya kila jeki na kila stendi. Matofali na mawe hayaruhusiwi kubeba gari. Tofali halitoi onyo. Linapasuka mara moja.

Kuna jambo moja ambalo hata watu wenye magari haya kwa miaka mingi hawalijui. Kwenye Series, na kwenye Land Cruiser nyingi za 40, hendi breki haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya gia boksi, pale inapoanzia propela shafti ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu hilo lizunguke hewani, na kwa sababu hiyo lile lililobaki chini nalo linapata uhuru wa kuviringika. Gari linatembea hendi breki ikiwa imevutwa hadi mwisho.

Tuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa jeshi, sote tunamwita Afande. Alimkuta kijana ameshainua nyuma na anajiandaa kuingia chini.

"Kabari iko wapi?"

"Afande, nimevuta hendi breki."

"Umemvutia nani, mwanangu? Toka hapo."

Kisha akalisukuma gari kwa kiganja. Likasogea. Kijana hakusema neno, alienda kutafuta magogo. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, legeza nati za tairi kabla ya kuinua, inua, weka stendi, tikisa gari kwa nguvu ukiwa nje. Ndipo uingie.

Ijumaa jioni: uchunguzi, hakuna kufungua

Kila gari libandikwe karatasi kwenye kioo cha mbele. Juu andika ile kazi moja. Chini acha nafasi.

Zungukeni wote gari kwa gari, kwa sababu mwenye gari ameshazoea kelele zake. Shika gurudumu la mbele lililoinuliwa, mkono mmoja juu na mmoja chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingipini, pale gurudumu linapogeukia, au beringi zake. Dakika mbili, na zimeokoa Jumamosi nzima ya mtu aliyekuwa amenunua spea isiyo yake. Ukishika kushoto na kulia na likacheza, angalia ncha za tairodi, zile fimbo za usukani, kwanza.

Hapo pia ndipo mnapoamua nani atamsaidia nani. Mwenye gari afanye kazi kwa mikono yake, mjuzi asimame karibu. Mjuzi akinyakua spana, mwenye gari anabaki kushika tochi, na mwezi ujao atarudi na tatizo lilelile.

Jumamosi asubuhi: habu na beringi

Hii ndiyo kazi inayoombwa zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi, basi nitaikalia. Nazungumzia habu ya mbele ya Series. Land Cruiser inafuata mantiki hiyohiyo.

Gurudumu likishatoka, legeza kirekebishio cha breki ili shuu zirudi ndani, fungua skrubu za ngoma na uivute. Ikigoma, gonga pembeni kwa nyundo ya mbao huku ukiizungusha, usigonge ukingo. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo: shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto ikiingia mapafuni haitoki. Limwagie maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na mfuko ufungwe.

Toa kikofia cha katikati, pini na nati ya hafu shafti, kisha bolti sita za flanji. Ndani utakuta nati mbili kubwa na kati yake washa laini iliyokunjwa. Nyoosha mkunjo wake kwa tindo, fungua nati ya nje, toa washa, fungua nati ya ndani, toa washa yenye jino. Vuta habu kuelekea kwako ukiweka kidole gumba juu ya beringi ya nje, la sivyo itaruka ikatue mchangani.

Kila kinachotoka kipangwe juu ya gazeti kwa mpangilio kilivyotoka, kushoto kwenda kulia. Mimi hupiga picha pia, lakini picha haikuambii washa ipi ilikuwa imegeuzwa.

Osha beringi kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe kwa kitambaa. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa ili usikie mlio mtamu. Bila mafuta inajikwangua, na ikiachia, vipande vinaruka usoni. Sasa iangalie juani. Rangi ya kijivu iliyolingana ni sawa. Rangi ya bluu maana yake iliungua. Vishimo vidogo kama alama za ndui, au mistari unayoisikia kwa ukucha, maana yake imekwisha. Beringi na kikombe chake cha nje hubadilishwa pamoja siku zote. Kikombe kitoe kwa kukigonga kutoka upande wa pili kwa kipande cha shaba, huku na kule, kidogo kidogo. Kipya kiingize vivyo hivyo na usikilize: nyundo inalia kwa sauti nyembamba kikiwa njiani, kikikaa mwisho sauti inakuwa nzito na fupi. Wakati huo hatutaki redio.

Grisi ipakwe kwa kiganja. Weka bonge kwenye kiganja cha kushoto, shika beringi kwa mkono wa kulia, ibonyeze upande mpana kwenye ukingo wa grisi mpaka itokeze juu kati ya rola zake. Zungusha kidogo, rudia. Kupaka nje kama siagi kwenye mkate ni kujidanganya. Sili mpya mdomo wake wenye springi utazame ndani, kule mafuta yaliko.

Rudisha habu. Kaza nati ya ndani huku mtu akizungusha habu, hadi isikike nzito. Kisha ilegeze kidogo, mpaka habu izunguke bila kukwama na ukiivuta na kuisukuma usikie mchezo mdogo kabisa, ule wa kusikia tu. Weka washa, kaza nati ya nje, halafu pima tena, maana nati ya nje ikikazwa huila ile nafasi uliyoiacha. Wengi hawapimi mara ya pili. Beringi yao inafika Luweero ikiwa inanukia. Ukiridhika, kunja washa upande mmoja ndani, upande mwingine nje.

Ukiwa hapo, angalia lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya habu. Likiwa na vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu juu yake hata miezi michache. Andika kwenye karatasi. Usilifungue.

Mchana: tapeti, pointi na mwinuko

Injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25 inasamehe mengi, ila inataka valvu zipimwe. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoibonyeza ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa zote nane. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, chomeka ile hendeli ya kuwashia mbele, na utumie hesabu ya tisa: valvu namba 8 ikibonyezwa hadi mwisho, rekebisha namba 1. Ikibonyezwa 7, rekebisha 2. Sita kwa tatu, tano kwa nne, na kinyume chake. Namba mbili zikijumlishwa ni tisa daima, huhitaji kitabu. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu kizito. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu hugeuka nayo.

Land Cruiser yenye injini ya 2F ina silinda sita na hesabu hiyo haifai kwake. Yenyewe hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.20 valvu za kuingiza, 0.35 za kutoa moshi.

Pointi za distribyuta ya Series, zile zinazokata na kuunga umeme wa plagi, ziwe na nafasi kati ya inchi 0.014 na 0.016. Safisha uso wake, paka grisi tone moja kwenye kamu, moja tu. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Uandike kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha tapeti ili mjukuu wako asije akauliza.

Halafu kuna mwinuko. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kabale unakaribia 2,000. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kabla ya kulaumu koili, toa plagi uzitazame. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo tunayoitaka. Kwenye kabureta ya Zenith angalia pia kama nyuso zake zinazokutana zimepinda. Iweke juu ya kioo na utie tochi upande wa pili.

Umeme sina mengi ya kusema. Toa waya wa bodi kwenye betri kabla ya kugusa chochote. Series nyingi za kabla ya 1967 upande wake wa chanya ndio ulio kwenye bodi, na fundi akifunga alteneta bila kuuliza ataiunguza kabla hajashuka. Nusu ya taa zinazokataa zinataka waya wa bodi usafishwe kwa msasa, basi.

Tumbo na mfuko

Kila mtu achange kabla, kwa simu, si kwa ahadi. Pesa zinakwenda kwenye kuni, maji, chai, grisi, mafuta ya taa, vitambaa, na boda mmoja wa kuaminika anayekaa hapo siku nzima. Asubuhi rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa sababu inalika kwa mkono mmoja na imefungwa kwenye karatasi. Mchana posho, yaani ugali, na maharage. Muchomo, nyama choma, ni jioni baada ya spana kuhesabiwa, kamwe si kabla. Bia vilevile.

Spana kila mtu azipake rangi yake. Zangu ni za njano, za Afande ni nyekundu, na hakuna anayeazima nyekundu bila kusema.

Oili chafu ikusanywe kwenye madumu yenye vifuniko na ipewe mtu anayekusanya kwa kazi maalumu. Hapa kwetu wapo wanaoiomba kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Kuimwaga mtaroni ni kosa mbele ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na mtaro wa Bombo hauishii Bombo.

Jumapili: breki, kisha barabara

Breki tunaziacha mwisho kwa makusudi, ili mikono iwe imetulia na hakuna anayekimbiza giza. Baada ya saa nne asubuhi hakuna kinachofunguliwa kipya.

Tumia mafuta ya breki kutoka chupa ndogo ambayo haijafunguliwa. DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ile nusu chupa iliyokaa chini ya kiti tangu Krismasi si akiba, ni maji. Na yasikaribiane na mafuta mengine. Mwenzetu mmoja aliongezewa oili ya usukani na fundi wa njiani. Mpira wa kila silinda ulivimba, na akalazimika kununua masta silinda pamoja na silinda zote za magurudumu.

Kutoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kazi ni ya watu wawili na maneno matatu. Wa chini anasema "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga polepole na kujibu "Imeshuka!" Wa chini anafungua nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu kupitia kimpira hadi kwenye chupa, anafunga, ndipo anasema "Achia!" Wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi wote mliotoa. Ndiyo maana mke na mume hatuwapangi pamoja hapa. Mtu wa tatu aangalie chombo cha juu kisikauke.

Kisha virekebishio: zungusha hadi gurudumu likwame, rudisha hadi lianze tu kuwa huru, kanyaga pedali kwa nguvu, pima tena. Series ya chesisi ndefu ina virekebishio viwili kwenye kila gurudumu la mbele, na cha pili husahaulika.

Kwanza jaribu ndani ya ua, mwendo wa mtu anayetembea. Pedali ikiwa ngumu na gari likasimama bila kuvuta upande, toka hadi Wobulenzi na kurudi, magari mawili mawili, kamba ikiwa kwenye gari la nyuma. Malori ya Gulu hayana subira, basi kaa kushoto na usijaribu breki ya ghafla lori likiwa mgongoni. Hakikisha stika ya bima ipo kwenye kioo. Askari wa barabarani hupenda sana kusimamisha gari la zamani, mara nyingine kwa sababu tu baba yake aliwahi kuliendesha.

Mkirudi, kabla ya mtu kukaa, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, nati yako ya ndani imekaza mno, na hiyo inarekebishwa leo, kabla ya kuondoka. Kaza nati za tairi upya. Tazama chini ya kila gari kwenye kipande cha boksi kilichokaa hapo robo saa: matone ya wapi, rangi gani.

Karatasi ya kioo sasa futa kazi ya juu kwa mstari mmoja. Ule ubovu ulioandikwa chini wikendi nzima, chagua mmoja, uzungushie duara. Ndiyo kazi ya mkutano ujao. Karatasi inakaa ndani ya gari, si kwenye simu. Ya kwangu inasema "sili ya nyuma ya injini". Imesema hivyo tangu mkutano wa tatu, na kopo bado liko palepale chini yake.